Ukumbi Ulipogeuzwa Ghala

Siku waliponiaga kwa soda na keki, Neema, binti aliyepokea funguo zangu, aliniuliza mbele ya watu ni kitu gani kilinishtua zaidi katika miaka yote niliyotunza Ukumbi wa Alizeti. Nikasema upepo. Watu wakacheka, wakadhani nakwepa swali. Sikuwa nakwepa. Ila jibu lenyewe ni refu na keki ilikuwa inasubiri kukatwa, ndiyo maana naliandika hapa, kwa ajili yake na wengine wanaoanza kazi ya kutunza kumbi. Vyeo sitavitaja. Kwenye kazi yetu kuna cheo kimoja tu, na anayekishika ndiye huyo huyo anayefagia.

Ukumbi ulikuwa mali ya chama cha wakulima. Chama chenyewe kilikufa zamani, kikaacha bodi ya wadhamini, ukumbi, na kibanda cha mizani uani. Ulikuwa katikati ya Singida Mjini, kwenye mtaa ambao upepo wa ziwani unaupiga moja kwa moja. Mimi nilikuwa binti wa Unyambwa, nimemaliza shule, sina mpango wowote zaidi ya kulima viazi vya mama. Jirani akaniambia pale ukumbini wanatafuta mtu wa usafi. Nikaenda.

Aliyenipokea aliitwa Mzee Msengi, Mnyiramba mwembamba aliyetembea na bisibisi kwenye mfuko wa shati kama wengine wanavyotembea na kalamu. Ndiye aliyekuwa mtunzaji, fundi umeme na mlinzi.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba. Unaogopa umeme?"

"Naogopa."

"Vizuri. Asiyeogopa simtaki."

Hakunionyesha jukwaa wala viti. Alinipeleka kwenye mlango wa nyuma, akaufungua, akaufunga, akaufungua tena. Akasema watu wakiwa ndani, mlango ule hauwekwi kufuli, hata akija mkuu wa nini akakuamuru uufunge. Kisha akanipa fagio na ndoo, akanifundisha kunyunyiza maji sakafuni kabla ya kufagia, la sivyo vumbi linahamia kwenye mapazia na unaanza upya kesho.

Siku hiyo hiyo mchana kulikuwa na ngoma. Kikundi cha Wanyaturu kutoka vijijini, wanaume na wanawake, njuga miguuni. Nilizoea ngoma kwetu, uwanjani, kwenye hewa. Sikuwahi kuiona ikichezwa ndani ya kuta nne. Walipoanza kukanyaga, sakafu niliyoimwagia maji na kuifagia kwa mikono yangu ikaanza kutoa vumbi jipya, sijui lilikuwa limejificha wapi, na vioo vya madirisha vikawa vinalia. Nilisimama nyuma ya pazia na fagio langu nikiwa nimeshtuka kama niliyeona nyumba inapumua. Fyuzi ikaungua. Taa zikazima, na kwa kuwa madirisha tulikuwa tumeyafunika kwa mapazia mazito, kukawa giza. Wachezaji hawakusimama hata kidogo. Mzee Msengi akabadilisha fyuzi kwa kupapasa, huku akisema nami kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba fyuzi ya akiba inakaa kwenye mfuko wa kulia, siyo wa kushoto, kwa sababu gizani mtu hana muda wa kufikiri.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kazi. Kupaka nta ya mshumaa kwenye reli ya pazia ili lisikwame mbele ya mgeni rasmi. Kutokumpa mchungaji kipaza sauti mapema, maana atahutubia. Kuhesabu viti kabla ya harusi na baada ya harusi, na kutokuuliza maswali juu ya tofauti. Kuwasha jenereta kabla ya kuihitaji. Mzee Msengi alinifundisha bila kunisifu hata mara moja, na alipostaafu akarudi kwao Iramba, alinikabidhi bisibisi na kusema, "Sasa utakosea mwenyewe." Watu wa mtaani wakaanza kuniita Mama Ukumbi. Sikuwa hata nimeolewa.

Mtaa wetu lazima niueleze, maana habari yenyewe iko huko. Mkabala na ukumbi kulikuwa na duka la vitambaa la Mzee Kanti, Mhindi aliyezaliwa hapa hapa Singida, ambaye Kinyaturu chake kilikuwa safi kuliko changu. Kwenye baraza la duka lake alikaa Fundi Yona na cherehani yake. Pembeni yao Mama Zubeda alipika wali, ugali na kuku wa kienyeji. Halafu kulikuwa na saluni, mpiga picha, nyumba mbili za wageni, na kijiwe cha bodaboda.

Kila mwaka baada ya mavuno, upepo wa kiangazi ukiwa umeanza, tulikuwa na mashindano ya kwaya. Kwaya zilitoka Iramba, Ikungi, Manyoni, na hapa mjini, za makanisa mbalimbali, na katikati ya nyimbo tuliingiza vikundi vya ngoma ili watu wasisinzie. Wageni walifika Ijumaa na kuondoka Jumapili. Kwangu mimi ilikuwa wiki ya kutolala vizuri na kukosana na kila mtu.

Kesi ngumu kuliko zote nilizowahi kuamua ilitokea kwenye mashindano hayo. Kwaya ya Ulemo, kijiji cha huko Iramba, ilishuka kwenye lori lake, akina mama na wasichana, wamevaa magauni ya zambarau yenye maua meupe. Walikuwa wamependeza sana. Kabla hawajamaliza kujipanga, likaingia basi la kwaya moja ya Manyoni. Wakashuka. Zambarau, maua meupe.

Kiongozi wa Ulemo alikuwa Mwalimu Naomi, mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke mfupi ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti isipokuwa akiimba. Alinisogelea akaniambia, "Mama Ukumbi, sisi hatupandi jukwaani." Kiongozi wa Manyoni akasema hata wao hawapandi. Nikavuka barabara kumwita Mzee Kanti.

Alikuja na futi ya kitambaa shingoni, akaangalia kwaya ya kwanza, akaangalia ya pili, akavua miwani.

"Nililetewa majora ya aina moja," akasema. "Mengine niliwauzia Ulemo. Yaliyobaki alichukua mama mmoja, akasema ni ya harusi."

"Harusi gani inavalisha watu wote hawa?" nikamuuliza.

"Mimi ni muuza vitambaa, mama. Siulizi watu wanaoana wangapi."

Fundi Yona alikuwa amemfuata nyuma. Alikuwa kijana bado wakati huo, mpole, anayeongea huku anaangalia mshono wako badala ya uso wako. Akashika upindo wa gauni moja, akashika na la upande wa pili, akasema, "Wapange waimbe mwishoni. Manyoni nitawawekea kola ya njano. Ulemo mkanda mweupe kiunoni. Wote wabadilishwe kidogo, asionekane mmoja ameshindwa."

Mzee Kanti akatoa kitambaa cha njano na hakutaka kuongea habari ya bei mpaka kazi iishe. Bodaboda akatumwa sokoni kutafuta uzi. Mafundi wengine wa mtaa ule wakabeba cherehani zao mpaka kwenye baraza la Kanti, Mama Zubeda akaanza kulisha waimbaji wanaosubiri, na msichana wa saluni, kwa kuwa wamekaa tu, akaanza kuwasuka. Nilichungulia dirishani nikaona mtaa mzima unashona, unakula na unasukwa. Nikacheka. Nilifikiri naona kichekesho.

Kola zikaisha, mikanda ikaisha, wakaimba. Aliyeshinda ni kwaya moja ya hapa mjini iliyovaa majoho ya zamani yaliyopauka. Nawaachia mtafakari wenyewe.

Basi, miaka ikaenda. Sasa nije kwenye upepo.

Ilikuwa mchana, kiangazi, kabla ya mashindano. Akina mama wa kwaya moja ya mjini walikuwa jukwaani wakifanya mazoezi, nami nilikuwa juu ya ngazi napaka nta kwenye reli. Upepo wa Singida mnaujua, tumezoea kushika kofia na kuendelea na safari. Lakini ule ulianza kunguruma kwa namna nyingine. Nikasikia sauti kama lori linamwaga kokoto juu ya vichwa vyetu, kisha misumari ikawa inatoka mmoja mmoja, na kila mmoja unalia. Nikashuka kwenye ngazi. Nikasema, "Mlango wa nyuma. Tembeeni." Sikupiga kelele, sijui kwa nini. Wakatembea, mwishoni wakakimbia. Wa mwisho alikuwa ametoka na mimi niko kizingitini nilipogeuka kutazama, na paa likanyanyuka.

Sijui niwaelezeje. Ukumbi ule nilikuwa nimeujua katika mwanga hafifu, mwanga wa taa na mapazia. Ghafla ukajaa jua. Niliona rangi ya kuta kwa mara ya kwanza, na ilikuwa mbaya. Niliona utando wa buibui ambao sikuwahi kuufikia. Mbingu ya bluu kabisa ilikuwa imekaa pale palipokuwa na dari. Nilibaki nimesimama, mdomo wazi, mpaka mmoja wa wale mama akanivuta mkono.

Hakuna aliyeumia zaidi ya mchubuko. Sehemu kubwa ya paa ilikuwa imelala barabarani mbele ya duka la Mzee Kanti. Yeye alisimama kizingitini akaniuliza kwa Kinyaturu kama kuna mtu chini ya mabati. Nikamwambia hakuna. Akaingia ndani, akatoka na kiti, akanikalisha.

Bodi ilikutana wiki hiyo hiyo, ndani ya ukumbi, chini ya anga. Mwenyekiti alikuwa Bwana Mkumbo, mwalimu mkuu mstaafu, mtu mwungwana aliyenisaidia siku za nyuma kwa mengi, na sitaki mtu yeyote amfikirie vibaya kwa haya ninayoyaandika. Aliniita mwishoni.

"Mama Ukumbi, naomba usinichukie," akasema. "Bodi ina uwezo wa paa moja tu. Na huu ukumbi, ukitoa harusi, haujilipi. Ile wiki ya kwaya ndiyo kabisa, kiingilio hakitoshi hata umeme. Lakini wakulima wanalia hawana pa kuhifadhi mazao. Tumeamua tuezeke, tuufanye ghala la alizeti. Wewe utabaki, utalitunza."

"Na kwaya, Mwalimu?"

"Kwaya zina makanisa yao. Wataimba huko."

Kwa hesabu aliyokuwa nayo mkononi, alikuwa sahihi. Na hata mimi niliyekuwa nakaa ukumbini mle kila siku sikuwa na hesabu nyingine ya kumpa.

Wakaja mafundi. Wakaezeka paa jipya, zuri kweli. Wakaziba madirisha kwa matofali. Kisha wakang'oa jukwaa. Magunia hayalazwi chini kwa sababu ya unyevu, yanahitaji kukaa juu ya mbao, na mbao nzuri zilizokuwepo zilikuwa za jukwaa. Nilikuja asubuhi moja nikakuta zile mbao, zilizokanyagwa na kila kwaya na kila ngoma ya mkoa huu, zimepigiliwa kwa safu sakafuni zikisubiri magunia. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Nilikuwa nimeambiwa yote mapema, na bado nilishtuka kama niliyefichwa.

Wiki ya mashindano ikafika, mashindano hayakuwepo. Ijumaa ile nilifika kazini kwa mazoea. Fundi Yona alikuwa kwenye cherehani, hana kitu kwenye cherehani. Kwa kawaida kuanzia mwezi mzima nyuma angekuwa amezungukwa na sare hata hamuoni. Akaniambia, "Mama, nilijua nitapungukiwa. Sikujua kwamba kazi yangu yote ilikuwa hii." Alisema hivyo akitabasamu kidogo, kama mtu aliyeambiwa habari za ndugu asiyemfahamu. Nguo za kila siku, alisema, watu wananunua mitumba. Aliyekuwa anashonesha ni mtu wa kwaya, na mtu wa harusi anayeiga kwaya.

Mama Zubeda alihamia stendi kabla ya Krismasi. Saluni ikafungwa. Moja ya nyumba za wageni ikageuka kuwa vyumba vya kupanga. Bodaboda walihama kijiwe bila kuaga, siku moja unatoka nje unakuta mafuta tu yaliyomwagika chini. Mzee Kanti alikaa zaidi ya wote. Kisha akaja kuniaga akiwa amevaa koti, anakwenda Dar es Salaam kwa binti yake. "Nimezaliwa mtaa huu," akasema. "Nilidhani mimi ndiye niliyekuwa nawasaidia hao waimbaji. Nawakopesha, nawapunguzia." Hakumaliza. Tulipeana mikono kwa muda mrefu.

Hayo yote, hata hivyo, yalikuwa ya mtaani, na Bwana Mkumbo aliyaona kwa masikitiko kama mtu anavyoona gharama ya jambo jema. Lililomshtua ni ghala.

Ghala halikujaa.

Mvua ilikuwa nzuri. Ukipita barabara ya Iramba uliona alizeti imesimama mashambani mpaka macho yanachoka. Lakini mavuno yalipoingia, magunia yaliyoletwa kwangu hayakufika nusu ya sakafu. Wenye mashine za kukamua mafuta walikuja kuniuliza, wakadhani nayaficha. Mwaka uliofuata ikawa hivyo hivyo, pengine chini zaidi. Mashine mbili za mjini zikapunguza wafanyakazi. Mwenyekiti alisimama katikati ya ghala, sauti yake inarudi kutoka kwenye kuta.

"Alizeti iko wapi?" akauliza. "Tumewajengea ghala. Iko wapi?"

Sikujua. Akasema twende tukaulize. Alinichukua kwa sababu nilifahamiana na watu wa vijijini kuliko wajumbe wa bodi, na kijiji cha kwanza nilichokitaja kilikuwa Ulemo, kwa sababu ya Mwalimu Naomi.

Tulikwenda na gari lake kuukuu. Tulimkuta Naomi nyumbani, ametoka darasani, anapepeta mtama. Alifurahi kuniona, akatuletea viti na maji, akamwamkia mwenyekiti kwa heshima zote. Bwana Mkumbo akaeleza shida yake. Naomi alimsikiliza mpaka mwisho, ungo mapajani.

"Lakini Mwalimu," akasema taratibu, "alizeti yetu ilikuwa inakuja mjini na kwaya."

"Na kwaya kivipi?"

"Kwenye lori. Tulikuwa tunachanga kukodi lori la kutupeleka mashindano. Magunia tunayapanga chini, tunatandika mikeka, tunakaa juu yake tunaimba mpaka Singida. Kuku kwenye matenga nyuma. Ijumaa tukishuka, kila mama anazungusha gunia lake kwenye mashine, huku bei hii, kule bei ile, anauza panapomfaa. Jumamosi ananunua mahitaji, kitambaa cha sare ya mwakani. Jumapili tunarudi."

Nilimtazama. Miaka yote ile nilikuwa nalipokea lori lile kwenye uwanja wangu. Niliwaona wakishuka wakikung'uta mavumbi, nikawaambia lori lisizibe mlango. Sikuwahi hata siku moja kuangalia walikuwa wamekalia nini.

"Na sasa mnauzaje?" mwenyekiti akauliza.

"Wanakuja walanguzi nyumbani. Wana magunia yao. Wanajaza mpaka mdomoni, kisha wanaongeza juu na kushona kama kilemba, lumbesa, halafu wanalipa gunia moja. Wanapakia wanapeleka mikoa mingine. Mtu una njaa ya ada, utakataa?"

"Kwa nini msikodi lori la magunia tu? Bila kwaya?"

Naomi akacheka kidogo, siyo kwa dharau. "Tulijaribu, Mwalimu. Tuliitisha kikao. Mmoja anasema gunia la mwenzake zito, mwingine anasema hawezi kutanguliza hela. Kwenye kwaya tunajuana. Asiyechanga tunamfuata nyumbani, tunamwimbia mlangoni mpaka anatoka. Na tukimkosa, sauti yake inakosekana. Lakini gunia likikosekana, nani atalitafuta?" Akapepeta mara moja, akaongeza, "Na kuna jambo jingine. Mume wa mtu haruhusu mkewe aende mjini siku tatu kuuza alizeti. Kuimba, anaruhusu."

Bwana Mkumbo aliweka kikombe chini. Nilimwona usoni, na natumaini sikuwa na sura kama yake, ingawa nadhani nilikuwa nayo. Alikuwa amepauka. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Ulemo tu?"

"Sijui kwa wengine," Naomi akasema. "Ila ile kwaya ya Manyoni, ya zile sare, wao walikuwa wanakuja na asali."

Tukaanza safari ya kurudi. Karibu na mjini alisimamisha gari pembeni, akazima injini, akakaa ameshika usukani. "Tumewajengea ghala," akasema, "kwa kuvunja kile kilichokuwa kinalijaza." Tulikaa hapo mpaka malori kadhaa yakapita.

Aliwaeleza bodi mwenyewe, bila kuficha kwamba wazo la ghala lilikuwa lake. Haikuwa rahisi, kuna wajumbe waliosema hatuwezi kubadili kila anapolia mtu. Lakini wenye mashine za mafuta walikuja kikaoni, wakasema watachangia matofali. Sikutegemea kusikia mkamua alizeti akiomba kwaya. Magunia yakahamishiwa uani, palipokuwa kibanda cha mizani, wakapanua hapo. Madirisha yakafunguliwa. Jukwaa likajengwa upya, safari hii la zege, kwa hiyo ninyi mnaolalamika kwamba wacheza ngoma wanaumia miguu, mjue sababu.

Sasa ningependa kuandika kwamba mtaa ukarudi kama zamani. Haukurudi. Duka la Mzee Kanti siku hizi linauza simu. Fundi Yona nilimkuta Itigi nilipokwenda kwenye msiba, ana cherehani yake karibu na stesheni, anashona sare za shule. Nilimwambia kwaya zimerudi. Alifurahi, akauliza habari za kila mmoja kwa jina. Nilipomwambia arudi, akavuta uzi, akaukata kwa meno, akasema, "Mama, hapa watoto wanakwenda shule kila mwaka. Hakuna upepo wa kuwasimamisha." Nikamwelewa.

Na Ulemo yenyewe, mwaka wa kwanza wa kurudi, lori lilikuja likiwa na nafasi. Magunia yalikuwepo, kuku walikuwepo. Waimbaji ndio walikuwa wamepungua. Katika ile miaka ya kimya wasichana walikwenda Dodoma na Dar kutafuta kazi, wengine waliolewa mbali, na wimbo hauwezi kuimbwa na sauti mbili. Mwalimu Naomi alishuka akanisalimu, akaona ninavyowahesabu kwa macho. "Tunafundisha upya," akasema. "Tumeanza na watoto wa darasa la tano." Ukumbi huvunjwa kwa mchana mmoja wa upepo na kikao kimoja cha watu wema. Wao kurudisha sauti walihitaji miaka, na nilipostaafu walikuwa bado hawajamaliza.

Mashindano ya kwanza baada ya kuagwa kwangu nilikwenda kama mgeni. Neema alikuwa mlangoni, akataka kunipitisha bure, nikalipa kiingilio nikamwambia aangalie mlango wa nyuma. Nikatafuta kiti katikati, nikakaa. Pembeni yangu alikuwa mkamuaji mmoja wa alizeti, mtu mzima tunayefahamiana kwa kugombana.

Ulemo wakapanda, watoto mbele, akina mama nyuma, Naomi akainua mkono. Nikajiweka sawa nikisubiri fyuzi, nikisubiri mtu aje aseme kuna viti vimepungua, pazia limekwama, mgeni rasmi anaulizia choo. Hakuna aliyekuja. Wimbo ukaanza, ukaendelea, ukapanda, zikaingia sauti za chini ambazo nyuma ya pazia hazisikiki kabisa, kule nyuma unasikia vishindo na watu wakipumua tu. Sikujua kwamba zipo. Sikujua kwamba kwaya inakuja kwako yote kwa pamoja hivi, kifuani, kama umesimama karibu na mto. Wakamaliza, watu wakapiga makofi, mimi nilibaki mikono mapajani.

Mkamuaji akainama kuelekea kwangu. "Mama Ukumbi, hujaupenda? Huu si umeusikia mara nyingi?"

"Hapana," nikamwambia. "Sijawahi kusikia wimbo hapa mpaka ukaisha."